Ua la Timu Kumi na Moja

Holar, Manitoba
14 Oktoba 1968

Mpendwa Lorne,

Bahasha yako imefika, nene kama mkate, na nilipoona jina la aliyeandika makala iliyomo nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Bwana mhariri, una akili timamu kweli? Wanahesabu wamejaa Kanada nzima, halafu makala ya Alistair Penhale unamletea mimi niihakiki?

Labda umesahau, maana moyo wako haushiki uchafu. Wangu unashika. Mwaka 1949 nilipeleka makala yangu ya kwanza kwenye jarida, binti wa mfuga kondoo wa Ziwa Winnipeg, naringa nayo kama bi harusi. Mhakiki asiyetajwa jina akaikalia mwaka mzima na zaidi, kisha akaandika mistari miwili: kazi haina mvuto, na mwandishi angefaa zaidi kufundisha watoto wadogo. Muda si muda Penhale akachapisha nadharia ileile kwa jina lake, na kwa pupa ya wizi akasahau hata kubadilisha herufi. Ile idadi mimi niliiita þ, herufi ya babu zangu wa Iceland, kwa kuwa hakuna mwanahesabu mwingine aliyeitumia. Yeye Mwingereza wa Toronto aliitoa wapi? Siku hizi vijana wanaiandika ubaoni wakidhani ni ya Kigiriki, na nadharia wanaiita ya Penhale.

Yeye akapata kiti cha uprofesa. Mimi nikapata Holar, ambako nafundisha wana wa wakulima kukokotoa ghala linaingiza ngano kiasi gani. Wanafunzi wangu nawapenda, usinielewe vibaya. Ila kila nikishika chaki namkumbuka yule mtu.

Sijamsamehe, Lorne. Nakwambia waziwazi ili kesho usiseme nilikuficha. Bado unataka niisome?

Mengine ni ya kawaida. Barafu ya klabu imeshamwagwa na timu yangu ya mchezo wa mawe, ule wa kuyatelezesha barafuni, imenichagua nahodha tena, wazee wale hawajifunzi. Nasoma riwaya ya upelelezi, nimeanza na sura ya mwisho kama kawaida yangu. Kusoma uthibitisho bila kujua unathibitisha nini ni kupoteza muda.

Wako,
Thora Sigvaldason


Kingston, Ontario
23 Oktoba 1968

Bibie Thora,

Sijasahau. Nani anaweza kusahau? Umenisimulia hadithi hiyo kila Krismasi tangu tukiwa wanafunzi wenye njaa, na kila mwaka Penhale anaongezeka pembe.

Nimekuletea wewe kwa sababu hiyohiyo. Wengine wote niliowafikiria ama ni wanafunzi wake, ama wanakula mezani kwake. Wakiona jina lake wanapiga makofi kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Wewe ukiona kosa utalisema, na pasipo kosa hutalibuni, hata angekuwa shetani mwenyewe. Nakujua.

Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu ila Olena mke wangu. Uhariri huu wamenipa kwa majaribio. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na jina Hrynchuk nusu ya kamati hawawezi kulitamka. Wamekaa mkao wa kula wakisubiri niteleze. Juni watakaa kuamua kama nabaki. Makala ya Penhale ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuletwa kwenye jarida letu. Ikiwa safi, nimesimama. Ikiwa na kosa, nataka nilijue mapema, kimyakimya, nimrudishie arekebishe, na bado nimesimama. Kitakachonimaliza ni kosa kuchapishwa. Mimi nimesoma ukurasa wa kwanza tu, maana unajua mambo ya nukta na nyuzi hayajawahi kuingia kichwani mwangu.

Kama donge lako ni kubwa mno, nirudishie bahasha, sitakununia. Kama unaweza, basi macho yako ndiyo macho yangu.

Na chemshabongo yangu iko wapi? Tangu Agosti hujanipa kitu cha kutafuna. Nimebaki kusoma historia za treni.

Wako,
Lorne


Holar, Manitoba
25 Novemba 1968

Lorne mzee wangu,

Umelia njaa, haya kula.

Klabu yetu ya mawe inaandaa karamu. Timu ni kumi na moja, zimejipanga kwa mzunguko, kila timu ina jirani wa kulia na wa kushoto. Kila timu, kama unavyojua, ni watu wanne: wa kwanza, wa pili, wa tatu na nahodha. Manahodha wana kiburi, kila mmoja haongei na yeyote ila wachezaji wake watatu. Wachezaji nao, kila mmoja anaongea na nahodha wake, halafu na mwenzake wa nafasi yake katika timu zile mbili jirani: wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu. Ila timu ya mwisho na timu ya kwanza waliwahi kugombania mwanamke, mambo yakavurugika, na baina yao wa pili anaongea na wa tatu, na wa tatu anaongea na wa pili.

Meza ni moja, kubwa, ya duara. Waketishe wote arobaini na wanne, kila mtu akae katikati ya wawili anaoongea nao. Nakudokezea kitu: yeyote mmoja akishikwa na mafua akabaki nyumbani, awe nahodha au nani, waliobaki wanakaa bila taabu yoyote.

Nililipata nikiwa uwanjani, nimeinama na jiwe mkononi, mpaka wenzangu wakanipigia kelele nimeganda. Nililiachia jiwe likaenda kugonga ukuta wa mwisho na tukafungwa na timu ya wauza matrekta. Hata sikujali. Ni zuri mno, Lorne, sikuweza kukaa nalo peke yangu.

Makala ya yule mtu bado naisoma. Polepole.

Wako,
Thora


Kingston, Ontario
19 Desemba 1968

Mchawi wewe,

Haiwezekani! Hawakai, hata uwapange vipi! Umenitesa tangu barua yako ifike. Nimechora kwenye leso za karatasi, kwenye programu ya kanisani, na Olena ameapa nikichora tena kwenye kitambaa cha meza nitalala na mbwa. Nilikuwa nawaketisha arobaini na watatu, yule wa mwisho ananibaki mkononi, nawavuruga naanza upya.

Jana ndipo nikaona. Yote ni kwa sababu timu ni witiri. Zingekuwa kumi au kumi na mbili, wangekaa na kuimba. Lakini kumi na moja, ule ugomvi wao wa mwanamke hautafutiki, unazunguka nao meza nzima mpaka unarudi ulikotoka. Nimelichora lote kwa wino, petali kumi na moja, ni ua tupu. Nimelibandika ukutani ofisini. Hujawahi kunipa tamu kama hii, na ungekuwa karibu ningekubusu mbele ya Olena.

Sasa nipe na ile ripoti, bibie. Toleo la masika linafungwa mwishoni mwa Januari. Penhale anatimiza miaka sitini mwezi Mei, chuo chake kinamfanyia mkutano wa kumuenzi, watakuja watu mpaka kutoka Ulaya, na angependa makala iwe imetoka.

Olena amekupikia pirohi, zile sambusa za kuchemsha za kwao, ila posta ingezifanya uji, kwa hiyo tunakula kwa niaba yako. Krismasi njema.

Lorne


Holar, Manitoba
11 Januari 1969

Mpendwa Lorne,

Ripoti rasmi nimeiambatanisha. Kwa kifupi: nimeisoma mara tatu, hatua kwa hatua. Anaonyesha kwamba kundi lolote linalozidi watu arobaini, kila mtu akiwa na watu watatu wa kuongea nao, na likiwa la namna kwamba ukimtoa yeyote waliobaki wanaketi duara, basi na wote kwa pamoja wataketi. Uthibitisho umesimama. Lugha yake ni ya majivuno, lakini majivuno si kosa la hesabu.

Chapisha.

Thora


Holar, Manitoba
11 Januari 1969

Dada Runa,

Leo nimefanya jambo, na kama sikumwambia mtu nitapasuka. Wewe huko shambani huna wa kumwambia ila kondoo.

Unamkumbuka Penhale. Lorne alinipa makala yake niihakiki, na ndani yake kuna shimo. Jitu zima limepanga kurasa thelathini safi, hoja inatembea kama saa, na zote zinahusu hali ya shufwa, yaani kundi likiwa na vikundi ambavyo idadi yake inagawanyika kwa mbili. Kisha ukurasa wa thelathini na moja ameandika mstari mmoja: hali ya witiri inafuata kwa njia hiyohiyo. Basi. Haifuati, Runa! Ni ile tabia yetu wanahesabu, tukichoka tunaandika "hiyohiyo" na kwenda kunywa chai. Mimi nikaenda kuichungulia hiyo witiri, na nikakuta mfano unaoiangusha nadharia yake nzima. Mzuri, umekaa kama ua.

Nilitakiwa kumwambia Lorne. Badala yake nimemwandikia kazi ni safi. Itachapishwa. Mwezi Mei watu wote waliompigia makofi kwa kazi yangu watakusanyika kumpigia tena, na mimi nitasimama katikati yao nichore ua langu ubaoni, petali kwa petali, nimtazame akivuliwa nguo. Atakiona cha mtema kuni. Nimengoja miaka karibu ishirini na sitaki apate nafasi ya kurekebisha kimyakimya aendelee kung'aa.

Nina furaha tele. Niambie nimefanya vizuri.

Mdogo wako,
Thora


Shambani
20 Januari 1969

Thora,

Sikwambii umefanya vizuri kwa sababu hukuniuliza kabla ya kufanya.

Penhale mwache avuliwe hata ngozi, mimi hainihusu. Wewe mwenyewe ulirudi hapa mwaka ule ukalala kitandani mpaka mama akakutoa kwa fimbo, sijasahau. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili na ndani yake kuna mtu mwingine. Yule Lorne aliyekuja kumzika baba kwenye theluji, akachimba na wanaume mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yeye anakaa wapi kwenye hesabu yako? Jarida si la kwake?

Mwandikie. Bado mapema. Mwambie umeona shimo, hata ukisema umeliona leo. Ukikaa kimya, usije ukaniletea kilio hapa, nitakupa ndoo ukakamue.

Keki yako ya vinarterta niliyoweka tangu Krismasi imeanza kukauka. Njoo uile au nawapa kuku.

Runa


Kingston, Ontario
3 Februari 1969

Thora mpenzi wa wote,

Nimeisoma ripoti yako kwa sauti mbele ya Olena, na Olena, ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake alikaza, ametokwa na machozi. Baada ya yote aliyokufanyia umeisoma kazi yake kwa haki na ukasema kweli. Mimi nisingeweza. Nilikuwa nimejiandaa kupokea kurasa kumi za matusi.

Makala itaongoza toleo. Mwenyekiti wa kamati amenishika mkono, na mara ya kwanza ametamka Hrynchuk bila kujikwaa. Hilo ni deni langu kwako na najua siwezi kulilipa, ila nimejaribu. Nimewaandikia wenye mkutano wa Toronto kwamba wasiache kukualika uzungumze, na wamekubali. Nusu saa, siku ya pili, ubao mzima ni wako. Wakusikie, wajue kwamba Holar kuna mtu.

Nitakaa safu ya mbele nikuone. Zungumza lolote upendalo.

Wako daima,
Lorne


Toronto, Ontario
28 Mei 1969

Mpendwa Dkt. Sigvaldason,

Wiki imepita tangu mkutano na bado watu wananiuliza habari zako ngazini, kwenye chai, hata msalani. Niruhusu nikushukuru kwa maandishi.

Nakiri kwamba ulipofika petali ya tano hivi nilianza kuhisi ubaridi. Ulipoandika chini ya ua lako "kwa hiyo nadharia ya mwenyeji wetu si kweli", ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Halafu nikasema moyoni, Alistair, mfano huu ni mzuri kuliko nadharia yako. Ndipo nikasimama nikapiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama nami. Wenzangu wanasema hiyo ndiyo ilikuwa dakika bora ya mkutano, na kwamba wachache wangelipokea pigo kama lile kwa moyo mkunjufu. Nafurahi kwamba tulifanya hivyo pamoja.

Naomba sasa tuandike makala ya pamoja, kusahihisha ile ya kwanza na kuutambulisha mfano wako. Penhale na Sigvaldason, kwa mpangilio wa alfabeti kama ilivyo desturi yetu. Itakufungulia milango. Nimeulizia kazi zako na naambiwa hujachapisha sana, jambo la kusikitisha kwa mtu mwenye kipaji. Niwie radhi kama nakosea: tuliwahi kukutana zamani? Jina lako nalisikia kama jipya.

Kinachoniuma ni jarida. Mimi niliteleza, kila mtu huteleza, na ndiyo sababu wahakiki wapo. Mstari ule ungeonwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimeiandikia kamati kueleza kwamba mhariri wao, na kipofu aliyemchagua kuwa mhakiki, wameniaibisha mbele ya dunia. Naamini watachukua hatua.

Kwa heshima,
A. R. Penhale


Kingston, Ontario
12 Juni 1969

Thora,

Kamati imekaa. Nimeondolewa. Mwenyekiti alisoma barua ya Penhale kwa sauti na hakuna aliyenitazama usoni. Olena anadhani ni kwa sababu ya jina langu, na nimemwacha adhani hivyo.

Nilikuwa safu ya mbele, kama nilivyoahidi. Ulipochora petali ya kwanza nilitabasamu kama mjinga, nikamnong'oneza jirani yangu, "Hii naijua, ni ya karamu ya mawe, subiri uone." Ulipochora ya pili ndipo nikaelewa. Mimi nilikuwa na ua hilo ukutani tangu Desemba. Ulinipa Novemba. Januari ukaniandikia uthibitisho umesimama, nami kwa kukuamini sikulinganisha hata nadharia na ua.

Kosa lenyewe ungeweza kusema hukuliona. Ningekuamini na ningekutetea mpaka mwisho. Lakini hukuweza kunyamaza na kitu kizuri, ikabidi unipe nikitafune, na mimi nikakubusu kwa barua huku umenishikia kisu. Ulijua Juni ni nini kwangu. Nilikuandikia kwa mkono wangu. Kwenye barafu mtu akigusa jiwe kwa fagio la kulifagilia njia anainua mkono anajisema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona. Wewe ndiye uliyenifundisha, ukasema ndiyo maana unaupenda mchezo ule. Mimi nikakuamini kwa sababu ya jambo dogo kama hilo.

Waliniuliza jina la mhakiki. Waliniambia nikilitaja, lawama itagawanyika, huenda ningebaki. Sikulitaja. Usifikiri nakulinda. Nilikaa garini nje ya jengo lile nikatafuta kitu kimoja tu, kitakachokuuma, na nimekipata.

Penhale hajui kitu, Thora. Amepigiwa makofi. Kwake wewe ni bibi mmoja wa mashambani aliyeokota ua. Hajui kwamba ulimtega, hajui kwa nini, hata jina lako halikumbuki, maana amemwambia kila mtu kwamba amegundua kipaji kipya. Nikikutaja nitakuwa nimekumalizia kazi, atajua ni nani na ni kwa ajili gani. Kwa hiyo sikutaji. Nakwenda nacho kaburini. Ukitaka ajue, mwambie kwa mdomo wako, na hakuna jarida duniani litakalokupa tena makala kuhakiki wala kupokea uliyoandika. Ukinyamaza, andikeni makala yenu ya pamoja, ufe ukiwa jina la pili nyuma yake.

Usinitumie chemshabongo tena. Nimelibandua lile ua.

L. Hrynchuk


Holar, Manitoba
20 Juni 1969

Profesa Penhale,

Makala ya pamoja sitaandika.

Unauliza kama tuliwahi kukutana. Tulikutana mwaka 1949 ndani ya bahasha. Mimi nilikuwa mwandishi na wewe mhakiki. Uliikalia kazi yangu zaidi ya mwaka, ukaandika kwamba ningefaa kufundisha watoto wadogo, kisha ukaichapisha kwa jina lako na herufi yangu ndani yake. Ninaamini kwamba umesahau. Hilo limeniuma kuliko wizi wenyewe. Mimi nimekula nawe, nimelala nawe, nimezeeka nawe, na wewe hukuwa hata na dakika moja ya kunikumbuka.

Kipofu unayemlaani ni mimi. Shimo lako nililiona Novemba, ukurasa wa thelathini na moja. Nikamwambia Lorne Hrynchuk kazi ni safi, kwa makusudi, ili uanguke mbele ya watu na usipate pa kujificha. Yeye hakujua. Alinichagua kwa kuwa aliamini sitaonea mtu, na alikataa kunitaja mlipomwondoa. Wewe ukasimama ukajipigia makofi kwa kuanguka kwako, na watu wakakusifu. Nilitembea mpaka kituo cha treni nikilia kwa hasira.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa kamati ya jarida, nyingine kwa mkuu wa chuo changu pamoja na barua ya kuacha kazi. Wamrudishie Hrynchuk kiti chake. Wakisita, wewe waandikie tena, maana barua zako zinasikilizwa, uwaambie mlimfukuza mtu pekee katika habari hii yote ambaye hakumdanganya yeyote. Dada yangu ananitaka shambani na nakwenda. Hesabu nitafanya zizini, kondoo hawahitaji mhakiki.

Mfano ule uchapishe ukitaka. Nimeuchora mbele ya ukumbi mzima na huwezi kuukalia.

Kwa Hrynchuk najuta, na nitajuta mpaka nife. Kwako sijuti hata kidogo. Ningepewa nafasi ningefanya tena, ila safari hii ningekutega peke yako.

Usinijibu. Nilitaka tu ujue ni nani.

Thora Sigvaldason